DAFTARI LA DUKA NA SIMU YA MNUNUZI

Kwa miaka mingi sasa zimekuwa zikisikika habari za maduka ya Ulaya na Marekani kufunga milango yake kwa sababu wanunuzi wamehamia katika intaneti. Huko Uingereza kampuni ya Woolworths, iliyofungua duka lake la kwanza nchini humo mjini Liverpool mwaka 1909, ilimaliza kufunga maduka yake yote yapatayo 800 mwezi Januari 2009, na watu wapatao 27,000 wakapoteza kazi. Intaneti haikuwa sababu pekee, kwani madeni na ushindani wa maduka mengine ndivyo vilivyoiangusha zaidi. Lakini tangu wakati huo, kila duka kubwa linapofungwa katika miji ya huko, jina la intaneti halikosi kutajwa.

Msikilizaji aliye Kabonga anaweza kudhani kwamba mambo hayo hayamhusu hata kidogo. Kabonga ipo katika eneo la Nyanza-Lac, kusini kabisa mwa mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, na kijiji cha Kagunga kilichopo baada ya mpaka ni cha Tanzania. Hapo hakuna gari la kampuni ya ng'ambo linalopita nyumba kwa nyumba kugawa vifurushi. Nyumba hazina namba, na barabara nyingi hazina majina. Watu wengi hawana umeme nyumbani. Kwa nini basi mwenye duka wa mwambao huo alalamike kwamba simu inamharibia biashara?

Analalamika kwa sababu jambo lile lile limemfikia kwa mlango mwingine. Halikuja kwa jina la kampuni kubwa. Limekuja kwa picha ya kitenge iliyotumwa kwa WhatsApp kutoka Bujumbura, au picha ya viatu iliyotumwa kutoka Kigoma, au picha ya simu mpya iliyopigwa katika duka la Kariakoo mjini Dar es Salaam. Mnunuzi huitazama picha, huuliza bei, hutuma fedha kwa Lumicash au EcoCash, kisha mzigo huja na gari la abiria au na mtumbwi. Aliyemwuzia hana duka, hana rafu wala mizani. Pengine ni kijana wa mtaa ule ule, ambaye mali yake yote ni simu moja na watu wanaomfahamu katika miji mitatu.

Kabla ya kumlaumu kijana huyo, ni haki kueleza mema aliyoyaleta. Zamani mtu wa Kabonga alikuwa hana njia ya kujua bei ya kitenge huko Bujumbura isipokuwa kwa kusafiri. Mwenye duka alisafiri kwa niaba ya wote, naye aliporudi, bei ilikuwa ile aliyoitaja yeye. Wengi walitaja bei ya haki, kwa maana nauli, ushuru na siku za kukaa njiani ni gharama za kweli. Lakini wako pia waliojua kwamba mteja hana pa kwenda, nao wakapandisha kadiri walivyopenda. Leo mama mmoja akiwa ameketi mbele ya nyumba yake anaweza kuulizia bei katika miji mitatu kabla maji ya chai hayajachemka. Mnunuzi amefunguliwa macho, na hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kutaka afumbwe tena.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo halionekani katika picha ya simu. Jambo hilo ni kazi ya duka ambayo haimo katika bei ya bidhaa, nayo ni kazi ya kukopesha.

Maisha ya mwambao huu hufuata mwezi wa angani. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, kwa kuwa mwanga huwavuta samaki kuja juu. Mwezi unapokuwa mpevu na anga likang'aa, taa hazina nguvu tena, na mitumbwi hukaa ufukoni kwa siku kadhaa mpaka giza lirudi. Katika siku hizo mvuvi hapati fedha. Mwanamke anayeanika na kuuza ndagala hana cha kuanika. Fundi wa nyavu, mchukuzi wa mizigo na mpika chakula wa ufukoni nao hukaa wakingoja. Lakini watoto hawangoji. Chumvi, sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na daftari la shule vinahitajika wakati wa mbalamwezi kama vinavyohitajika wakati wa giza.

Hapo ndipo mwenye duka anapofungua daftari lake. Anaandika jina, anaandika kitu, anaandika kiasi, na mteja anaondoka na mahitaji yake. Giza likirudi na mitumbwi ikirudi na samaki, deni hulipwa, lote au sehemu. Hakuna benki iliyowahi kufanya kazi hiyo kwa robo kilo ya sukari na nusu mche wa sabuni. Wala muuzaji wa simu haifanyi, kwa maana yeye hutaka fedha ifike kwanza ndipo mzigo uondoke. Hilo si kosa lake. Hamjui mnunuzi wake vya kutosha kumkopesha, na mtaji wake ni mdogo mno kuweza kungoja.

Sasa ni vizuri kulitazama daftari hilo kwa hesabu. Chukua mfano wa duka lenye mali ya faranga 1,000,000. Katika kipindi cha mbalamwezi, mali ya faranga 600,000 hutoka kwa mkopo, na mali ya faranga 400,000 huuzwa kwa fedha taslimu. Walimu, askari, wafanyabiashara wa mpakani na wenye mashamba ya michikichi ndio aghalabu wenye kulipa taslimu, kwa kuwa mapato yao hayafuati mwezi wa angani. Kwa zile 400,000 mwenye duka huweza kwenda Rumonge au Bujumbura kununua mali nyingine, na rafu zake hazibaki tupu mpaka wavuvi walipe. Kwa maneno mengine, fedha ya mwalimu aliyenunua kitenge ndiyo inayomwezesha mwenye duka kumngojea mke wa mvuvi aliyekopa sabuni.

Simu inapoingia, haiwachukui wateja wote kwa pamoja. Huwachukua kwanza wale wenye fedha mkononi. Tena haichukui bidhaa zote. Hakuna mtu anayeagiza chumvi ya kibaba kutoka Kigoma kwa picha. Huagiza kitenge, viatu, simu, saa, mafuta ya kujipaka na nguo za sherehe, yaani bidhaa zile ambazo faida yake ni kubwa kidogo. Chumvi, sukari na viberiti hubaki dukani, navyo faida yake ni ndogo sana, na ndivyo vinavyokopwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka hubakiwa na wateja wanaokopa na bidhaa zisizoleta faida. Katika mfano uliotolewa, zile faranga 400,000 za taslimu zikipungua zikawa 100,000, daftari bado lina deni la 600,000, lakini mwenye duka hana tena cha kwendea sokoni. Rafu huanza kuwa nyeupe. Wale wateja wachache wa taslimu waliobaki huingia, hukosa wanachotaka, nao huifuata simu. Mwishowe mlango hufungwa, na atakayepata hasara kubwa si mwalimu aliyepata kitenge kwa bei nafuu. Ni yule aliyekuwa akikopa sabuni.

Hilo ndilo tatizo lenyewe. Wengi husema kwamba duka linakufa kwa sababu bei yake ni kubwa. Yawezekana. Lakini sehemu ya bei hiyo ilikuwa ni gharama ya kuwangojea watu maskini, gharama iliyolipwa kimya kimya na wale walionunua kwa taslimu. Mnunuzi anapokwepa gharama hiyo kwa kupitia simu, haimaanishi kwamba gharama imeondoka duniani. Imebaki pale pale, ila sasa hakuna anayeibeba.

Mzigo huo umeongezwa uzito na kupanda kwa bei. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ya Marekani iliyokuwa ikihesabiwa kwa faranga zipatazo 2,100 ikafikia zaidi ya faranga 2,800 katika bei rasmi. Kabla na baada ya hapo, ukosefu wa fedha za kigeni na wa mafuta ya magari umekuwa ukipandisha bei ya kila kitu kinachosafirishwa. Daftari la madeni halijui mambo hayo. Lililoandikwa faranga 10,000 litalipwa faranga 10,000, ingawa siku ya kulipwa bidhaa ile ile haipatikani tena kwa bei hiyo. Mteja amelipa deni lake lote kwa uaminifu, na bado mwenye duka amepata hasara. Muuzaji wa simu hana hofu hiyo, kwa kuwa bei yake ni ya leo na fedha yake ni ya leo.

Duka la kijijini nalo lina mkopeshaji wake. Katika lugha ya wafanyabiashara mkopo huo huitwa mali kauli: mwenye duka la jumla humpa mwenye duka la rejareja mizigo kwa neno tu, naye hulipa baada ya kuuza. Mnyororo huo hutoka kwa tajiri wa mjini na kuishia kwa mtoto aliyetumwa kuleta kibiriti. Pete moja ikikatika, zote hutikisika. Soko Kuu la Bujumbura lilipoungua tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara walipoteza mali na fedha walizokuwa wameziweka humo, na biashara ikatawanyika katika masoko mengine ya mji. Mwenye kupoteza mali yake yote hawezi tena kumpa mwenzake mali kauli, na hasara ya moto wa mjini husafiri mpaka vijijini.

Tena mkopo wa namna hii hauwezi kusimama pasipo watu kukaa mahali pamoja kwa amani. Watu wa mwambao huu wanalijua hilo kuliko wengine. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika Kagunga, wakingojea kupelekwa Kigoma kwa meli ya Liemba. Mwenye duka hana namna ya kumdai mtu aliyeondoka usiku na watoto mgongoni, wala si ubinadamu kumdai. Wengi wamerudi tangu wakati huo. Lakini daftari ni kitu kinachojengwa kwa miaka, jina kwa jina, na hupotea kwa siku moja.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya kupita, na kwamba makampuni makubwa ya biashara ya intaneti yatakuja na kuchukua nafasi ya maduka yote, na kila mtu atapata mahitaji yake. Mambo yaliyotokea katika nchi jirani hayaungi mkono maoni hayo. Kampuni ya Jumia, iliyoanzia Nigeria mwaka 2012 na ambayo hisa zake ziliingia katika soko la New York mwezi Aprili 2019, ilifunga shughuli zake nchini Tanzania mwezi Novemba mwaka ule ule. Nchini Kenya kampuni ya Copia ilianza mwaka 2013 kwa njia ya busara zaidi. Iliwatumia wenye vibanda na maduka madogo kuwa mawakala: mwanakijiji aliagiza kwa wakala, na mzigo ukaletwa kwa wakala. Wawekezaji waliipa mamilioni ya dola. Hata hivyo, mwezi Mei 2024 kampuni hiyo ilishindwa kuendelea na ikawekwa chini ya msimamizi.

Sababu si ngumu kuelewa. Kusafirisha bidhaa kutoka mji mkuu mpaka mji wa wilaya si kazi kubwa. Kazi kubwa ni hatua ya mwisho, kutoka barabarani mpaka mlangoni mwa mtu mmoja aliyeagiza kitu kidogo. Nauli ya pikipiki huweza kuimeza faida yote. Mwenye duka aliyepo mtaani hana gharama hiyo, kwa kuwa mteja mwenyewe hutembea mpaka kwake. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba duka likifungwa, kampuni itakuja kuweka mguu wake mahali hapo. Inawezekana pasije kitu chochote.

Kuna pia somo la upande wa pili, nalo ni la kutia moyo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, haikuenea kwa nguvu za mitambo peke yake. Ilienea kwa sababu wenye maduka walikubali kuwa mawakala wa kupokea na kutoa fedha. Watu waliwapa fedha zao kwa kuwa waliwafahamu. Vivyo hivyo huduma za namna hiyo nchini Burundi zimesimama juu ya meza za maduka madogo. Simu na duka basi si maadui wa asili. Simu ilihitaji uaminifu wa duka ili iweze kuanza kazi yake.

Ni mambo gani basi yanayofaa kufanywa?

La kwanza ni la wenye maduka wenyewe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nalo lisiwe la majina tu. Mwenye duka anapaswa kujua kila wiki ni kiasi gani kimetoka kwa mkopo na kiasi gani kimeingia kwa taslimu, ili aweke mpaka kabla rafu hazijawa tupu. Pia hana budi kuacha desturi ya kuficha bei. Bei iliyofichwa leo itajulikana kesho kwa simu, na mteja aliyegundua kwamba ameonewa harudi. Aidha, wenye maduka watano wa mtaa mmoja wanaoagiza sabuni na sukari kila mmoja kwa nauli yake wanalipa nauli tano. Wakiungana katika ununuzi watalipa moja. Na hakuna sheria inayomkataza mwenye duka kupiga picha za vitenge vyake mwenyewe na kuwapelekea wateja wake, au kuwa mahali pa kupokelea mizigo ya wengine kwa malipo kidogo.

La pili ni la vijana wanaouza kwa simu. Biashara yao ina aibu moja, nayo ni kwamba mara nyingine fedha hutumwa na mzigo usifike, au ukafika usiofanana na picha, na mnunuzi akakosa mlango wa kubisha. Kijana mwaminifu huumizwa na sifa mbaya ya asiye mwaminifu. Dawa yake ni kujulikana kwa jina na mahali. Kijana akikubaliana na duka la mtaa kwamba mizigo yake itafikia hapo, na kwamba mnunuzi ataikagua kabla ya kulipa fedha yote, atapata wateja ambao leo wanaogopa.

La tatu ni la wenye mamlaka. Mwenye duka hulipa kodi na ushuru kwa kuwa anaonekana, na asiye na duka mara nyingi halipi kwa kuwa haonekani. Jambo hilo limeleta manung'uniko kila mahali. Huko Kariakoo wafanyabiashara walifunga maduka mwezi Mei 2023, na tena mwezi Juni 2024, wakilalamikia namna kodi inavyotozwa. Mzigo ugawanywe kwa haki, bila kumvunja moyo kijana anayeanza. Vilevile upo utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007. Kwa utaratibu huo, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, huweza kuvuka mpaka kwa hati nyepesi bila kulipa ushuru wa forodha. Watu wa Kabonga, wanaoishi hatua chache kutoka Tanzania, wanastahili kuelezwa utaratibu huo mpaka waujue kwa moyo.

Liko pia suala la mtaji. Burundi ilianzisha Benki ya Uwekezaji ya Vijana mwaka 2020, na Benki ya Uwekezaji na Maendeleo ya Wanawake mwaka 2022. Wengi wa wenye maduka madogo na wachuuzi wa mwambao ni vijana na wanawake. Daftari la madeni lililoandikwa vizuri kwa miaka mitatu, pamoja na kumbukumbu za fedha zilizopita katika simu, ni ushahidi wa uaminifu wa mtu kuliko karatasi nyingi zinazodaiwa na mabenki. Yafaa ushahidi huo ukubaliwe.

La mwisho ni la mnunuzi. Hakuna anayemkataza kununua palipo na nafuu. Kipato chake ni kidogo na ni haki yake kukitunza. Lakini methali ya kukopa harusi, kulipa matanga, haikutungwa bure. Mtu anayekopa sabuni dukani wakati wa mbalamwezi, kisha giza likirudi na samaki wakapatikana akapeleka fedha yake ya kwanza kwa muuzaji wa simu huku jina lake likiwa bado katika daftari, anakata tawi alilokalia. Naye mwenye mshahara afahamu kwamba, anapomwungisha jirani yake mwenye duka, sehemu ya fedha yake inamsaidia mtu mwingine wa mtaa ule ule kupita wiki ngumu.

Biashara ya simu itaendelea kukua, na itaendelea kuwa na manufaa. Jambo la kuangaliwa katika Kabonga, Nyanza-Lac na Rumonge ni kwamba ile kazi ya kungojea, ambayo maduka yameifanya bila kulipwa wala kushukuriwa, isiachwe bila mwenyewe. Kila mtaa wa mwambao una watu wasiozidi wachache wanaoifanya. Ni wajibu wa majirani zao, wa wafanyabiashara wenzao na wa viongozi wa tarafa kuhakikisha kwamba, mwezi ujao utakapokuwa mpevu, milango ya watu hao bado iko wazi.